Ushapasuliwa na sasa unataka kuzaa kawaida? Anzia kwenye kovu la ndani

Mama mwenzangu, kabla hujamwambia mumeo wala mama mkwe kwamba safari hii unataka kusukuma mwenyewe, nenda kabatini katafute ile karatasi uliyopewa siku ya kuruhusiwa, na kama haipo rudi ulikopasuliwa waombe waangalie faili wakuandikie ndani ulikatwaje. Mi nimepasuliwa mara mbili, ya kwanza presha ilipanda wakahofia kifafa cha mimba, ya pili mtoto alitanguliza matako, na sikupewa maelezo yoyote, kwa hiyo mimba ya tatu nesi wa kliniki aliponiuliza nilikatwaje nikafunua tumbo nikamwonyesha. Akaniambia dada, hilo la nje halituambii kitu. Na ni kweli, ngozi inaweza kuwa imekatwa kwa kulala vizuri tu, kumbe mji wa mimba wenyewe ulikatwa wima.

Kama ndani walikata kwa kulala, sehemu ya chini, hapo ndo kuna mazungumzo. Kama walikata wima kwenda juu, au umbo la T, au mji ulishawahi kuchanika, usijaribu kabisa. Na kama uliwahi kutolewa uvimbe wa kizazi kwa upasuaji sema, maana lile nalo ni kovu.

Halafu uliza sababu. Mtoto kukaa matako ni mambo ya mimba ile, safari hii anaweza kugeuka mwenyewe. Uliyepasuliwa kwa kuwa njia iligoma kufunguka, nafasi yako ni ndogo kidogo ila ipo. Presha ndo inayorudi rudi, kwa hiyo anza kliniki mapema, muulize daktari kuhusu aspirini ya dozi ndogo ambayo huanzwa wiki ya 12 hivi, na kila hudhurio hakikisha wamekupima presha na mkojo, ikifika 140/90 usikubali kuambiwa ni uchovu. Kondo la nyuma likiwa limefunika njia basi kuzaa kawaida hakupo, tena wewe mwenye kovu omba utrasaundi iangalie kama halijajichimbia kwenye lile kovu, kwa sababu hilo linamwaga damu vibaya sana na kila oparesheni inazidi kuongeza uwezekano wake. Ndo maana sishangai mtu kuikimbia ya tatu, siyo maneno ya watu kwamba wa kisu hajazaa, hayo yapuuze, umezaa.

Kwa aliyepasuliwa mara moja, wakijaribu wanawake 100, kama 72 hadi 75 wanafanikiwa, na kama ulishawahi kuzaa kawaida inapanda hadi 85 au 90. Kovu kuachia, yaani mji wa mimba kuchanika pale, ni kama mmoja kati ya 200. Kwa waliopasuliwa mara mbili madaktari wa Uingereza wanasema wanaofanikiwa ni kama 71 na kovu kuachia ni zaidi kidogo ya mmoja kati ya 100, ila hizo ni hesabu za mahali ambapo thieta iko mlango wa pili na mapigo ya mtoto yanafuatwa muda wote, na hospitali nyingi za kwetu ukishakuwa na makovu mawili wanakupangia tarehe ya kupasuliwa moja kwa moja. Usigombane nao, waulize: usiku mtu wa usingizi anakuwepo? Damu ipo? Wakisema hapana basi hapo sipo pa kujaribia, na zahanati ndo usifikirie kabisa. Kama umezaa na hujamaliza miezi 18 unazaa tena, hatari nayo inaongezeka.

Jambo moja naomba sana. Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu, na vile vidonge vya kuanzishia ambavyo mtu anakununulia duka la dawa, usiguse. Vinaukaza mji wa mimba kwa nguvu usizoweza kuzipunguza, na wenye kovu unachanika.

Wiki ya 36 hamia karibu na hospitali, tafuta ndugu wawili wa kutoa damu, weka hela ya gari pembeni. Uchungu ukianza nenda mapema, usisubiri nyumbani kama walivyofanya dada zako. Uchungu wa kweli unakuja unaachia, sasa ukihisi maumivu yasiyoachia hasa pale kwenye kovu, au damu inatoka, au uchungu ulikuwa mkali ghafla ukakata, au mtoto katulia, piga kelele hapohapo wodini, usione aibu.

Mi nilijiandaa hivyo hivyo, hospitali ilikubali, mtoto alikaa vizuri kichwa chini. Wiki ya 37 presha ikasoma 150/100 na protini kwenye mkojo. Daktari alikaa kitandani kwangu akanieleza taratibu, nikalia kidogo, nikasaini fomu, na damu ya dada yangu ilikuwa tayari kwenye friji.