Kupima dondoo za mimea dhidi ya fangasi wa ngozi: weka kwanza kisima cha kiyeyushi

Duara langu la kwanza la maabara lilikuwa na upana wa milimita 16. Sehemu safi kabisa kuzunguka dondoo ya mmea, fangasi hagusi. Nilitembea kifua mbele siku mbili, mpaka msimamizi akaniuliza, "Na DMSO tupu imekupa ngapi?" DMSO ni kiyeyushi nilichoyeyushia dondoo, na sikuwa nimeiweka peke yake. Niliporudia, DMSO peke yake ikatoa milimita 15. Kumbe mmea wangu ulikuwa umechangia milimita moja!

Basi, kabla ya yote, tenga visima (vishimo vya kupimia) vya kulinganishia: kiyeyushi bila dondoo, fangasi bila kitu, chakula cha kuoteshea bila fangasi, na dawa ya fangasi iliyokwisha kuthibitishwa, mfano terbinafini.

Mmea wenyewe utambuliwe na mtaalamu wa mimea, na sampuli moja ikaushwe na kuhifadhiwa, maana jina la kienyeji moja hubeba mimea mitatu. Kausha majani kivulini, saga, loweka gramu 50 katika mililita 500 za ethanoli ya asilimia 70 kwa saa 72 huku ukitikisa. Chuja, kisha vukiza kwa joto lisilozidi nyuzi 40. Pima uzito, rudisha, pima tena, usipobadilika, imekauka. Kitunguu saumu usikitendee hivyo. Alisini yake, kemikali inayopambana na fangasi, huzaliwa kinapopondwa na huharibika kwa joto, kwa hiyo tumia maji yake mabichi siku hiyohiyo.

Fangasi gani? Wengi hukimbilia Candida albicans kwa sababu huota kwa siku moja au mbili. Hiyo ni hamira, haisababishi choa. Kama unazungumzia choa, punye au fangasi wa miguu, mtafute Trichophyton rubrum au Microsporum canis, na uwe na subira ya wiki moja au mbili. T. rubrum ana ubahili wa spora (mbegu ndogo za fangasi) kwenye agari ya Sabouraud, chakula kigumu cha kawaida cha kuoteshea fangasi. Mimi humhamishia kwenye agari ya unga wa oti. Fanya kazi ndani ya kabati la usalama, kwani spora hupeperuka na ngozi yako nayo ni chakula.

Visima vilivyotobolewa kwenye agari vinafaa kuchagua haraka mimea ya kuendelea nayo kati ya mingi, basi. Usilinganishe mimea kwa upana wa duara: mafuta hayasambai vizuri kwenye agari yenye maji, hivyo dondoo kali inaweza kutoa duara dogo.

Kipimo ninachokiamini ni cha sahani ya visima 96. Osha spora kwa maji ya chumvi yenye Tween 80 kidogo (aina ya sabuni), chuja kwa shashi kuondoa nyuzi, hesabu kwa darubini, kisha punguza hadi zibaki spora 1,000 mpaka 3,000 kwa mililita ndani ya kisima. Chakula ni RPMI 1640, chakula cha majimaji cha maabara. Anza na miligramu 2 za dondoo kwa mililita, punguza nusu kwa nusu kisima hadi kisima, na DMSO isizidi asilimia 1 popote. Acha kwenye nyuzi 35 kwa siku nne.

Hapo kwenye kusoma ndipo macho hudanganya. Dondoo ya majani ni kijani kibichi na huganda chini, ukadhani ni fangasi. Weka safu ya dondoo isiyo na fangasi ili uone rangi yake mwenyewe. Kisima cha mwisho ambacho hakikuota ndicho kiwango chako cha kuzuia. Toa tone kwenye visima vyote visivyoota, pandikiza kwenye agari safi: akiota, ulimzuia tu, hukumuua. Rudia kwa siku tatu tofauti, kwa spora mpya.

Matokeo yaandike kando ya yale ya terbinafini, ambayo kwa kawaida humzuia T. rubrum asiye sugu chini ya mikrogramu 0.1 kwa mililita. Dondoo ghafi ikimzuia kwa mikrogramu 100, mimi hufurahi. Ikihitaji miligramu nzima, huandika "hafifu". Na usiipake ngozi ya mtu, hata yako, kabla haijapimwa sumu yake kwa seli za ngozi.