Kuutoa Mtambo wa Bunduki Ulionaswa na Gundi Bila Kuharibu Kitako

Bunduki ya bolti, yaani ile inayofungwa kwa komeo la chuma linalovutwa kwa mkono, inapolalishwa upya kwenye kitako, ile mbao yote inayobeba mtutu na mtambo (chuma cha kati ambamo bolti hutembea), fundi hujaza epoksi kati ya chuma na mbao ili mtambo ukae mahali pamoja kila risasi inapofyatuliwa. Nta ya kutenganisha, inayopakwa kwenye chuma ili gundi isishike, ikikosekana sehemu moja tu, epoksi hukamata chuma, na siku ya kufungua skrubu mtambo haunyanyuki. Wapo pia wapiga shabaha, hasa Marekani, wanaogandisha mtambo kwa makusudi kwa sababu bunduki zao hazikusudiwi kufunguliwa mara kwa mara. Hali zote mbili hutatuliwa kwa njia ileile, nayo si ya nguvu. Epoksi inayoganda bila kupashwa moto, kama Araldite inayouzwa katika kila duka la vifaa hapa Mombasa, hustahimili mvuto mkubwa sana, lakini huanza kulegea ikifikishwa joto la nyuzi 60 hadi 100 hivi za Selsiasi. Chuma cha mtambo huanza kupoteza ugumu wake karibu na nyuzi 200. Kazi yote ya joto inafanyika ndani ya nafasi hiyo, na kitako kikipasuka, mara nyingi ni kwa sababu mtu alivuta kabla gundi haijalegea.

Kwanza hakikisha kwa jicho na kwa kidole kwamba hakuna risasi katika chemba wala katika magazini, kisha toa bolti, magazini na darubini. Kazi hii ni ya mwenye leseni au ya mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa, na chini ya Sheria ya Silaha za Moto ya Kenya, Sura ya 114, bunduki haiachwi kwenye karakana ya fundi yeyote tu. Ukihitaji kifaa cha kuchongwa, peleka vipimo na uiache bunduki kwenye sefu.

Kabla ya kupasha chochote, chunguza gundi imekamata wapi, kwa kuwa kushika na kufungwa ni mambo mawili tofauti. Gundi iliyoshika uso wa chuma huachia kwa joto au kwa baridi. Gundi iliyoingia katika tundu au mfereji na kuganda humo hufanya kigingi, na kigingi hakiachii hata gundi ikilegea kiasi gani. Fungua skrubu mbili za chini. Ikiwa mojawapo haizunguki, usiilazimishe kwa bisibisi hadi kichwa kichubuke. Gusisha chuma cha kulehemu kwenye kichwa chake mpaka joto lishuke hadi kwenye hesi, yaani mifereji ya skrubu, kisha ijaribu tena taratibu. Mulika tochi ndani ya matundu ya skrubu na ndani ya nafasi ya triga, na gundi utakayoiona humo itoe kwa keekee ya mkono yenye ncha nyembamba kuliko tundu, ukiwa mwangalifu usiguse hesi. Mahali pa kutazama zaidi ni mbele, kwenye kile kichuma kinachoegemea kitako bunduki inaporudi nyuma. Katika bunduki aina ya Mauser 98 kichuma hicho ni sehemu ya mtambo wenyewe, na katika Remington 700 ni bamba lililobanwa kati ya mtambo na mtutu. Kwa vyovyote vile hutumbukia ndani ya mbao kama jino, na ikiwa fundi wa awali hakubandika utepe mbele yake, pembeni na chini, kimebanwa pande zote.

Anza na baridi, kwa sababu haina hatari kwa mbao wala kwa chuma. Chuma husinyaa kwa takribani sehemu 12 katika milioni kwa kila nyuzi moja inayoshuka. Mtambo wa duara wenye kipenyo cha milimita 34, ukitoka katika joto la nyuzi 30 la chumba cha Mombasa hadi nyuzi 18 chini ya sifuri ndani ya friza, hupungua karibu sehemu mbili katika mia za milimita. Ni kidogo, lakini epoksi yenyewe husinyaa mara kadhaa zaidi ya chuma na wakati huohuo huwa kavu na rahisi kukatika, na pale ambapo nta ilipakwa kwa sehemu tofauti hiyo mara nyingi hutosha. Friza ndefu ya kufungukia juu, kama zile za wauza samaki, inahitajika, nayo iwe ndani ya nyumba yako na chini ya kufuli. Paka mafuta ndani na nje ya chuma, ziba mdomo wa mtutu, funga bunduki ndani ya mfuko wa plastiki uliotolewa hewa na uiache usiku kucha. Asubuhi ifungue na uigonge mara moja kwa namna nitakayoeleza hapa chini. Hewa yetu ya Pwani ina unyevu na chumvi, na chuma baridi hutoka jasho mara tu kinapoguswa na hewa hiyo. Usipokipangusa na kukipaka mafuta upya, kutu itaonekana kabla ya jioni, na itaanzia mahali usipopaona, chini ya mtambo.

Baridi isipofaulu, tumia joto, na kanuni ni moja: pasha chuma, usipashe mbao. Mtungi wa gesi wenye moto wa wazi usiukaribie mtambo kamwe, kwa kuwa mitambo ya zamani kama ya Mauser ilifanywa migumu kwenye uso wake tu, na ugumu huo ukipotea haurudi. Njia ninayoiamini kuliko zote ni kijiti cha shaba nyekundu kilichochongwa kwa kerezo kiwe chembamba kidogo kuliko bolti. Bolti ya Mauser 98 na ya Remington 700 zote zina unene wa takribani milimita 17.8, hivyo kijiti cha milimita 17.4 huteleza bila kukwama, na kwa kuwa shaba husafirisha joto upesi, huliachia joto lake pale linapotakiwa. Kipashe ndani ya sufuria ya mchanga mkavu hadi nyuzi 180 hivi, kiingize katika njia ya bolti, kiache kipoe, kisha urudie. Mtutu hunyonya joto jingi, kwa hiyo huenda ukarudia mara nyingi. Pima joto la chuma kwa kipimajoto chenye waya unaogusa. Kile cha kulenga kwa mwanga husoma chini ya ukweli juu ya chuma kinachong'aa. Lenga nyuzi 100, na usipite 150.

Kitako cha nyuzi za kioo kinahitaji tahadhari zaidi kuliko cha mti wa jozi, kwa sababu chenyewe kimeshikanishwa kwa resini ya aina hiyohiyo na kinaweza kulegea pamoja na gundi unayoipiga vita. Hapo simama kwenye nyuzi 70 na urudi kwenye friza, ukibadilisha joto na baridi kwa subira.

Kugonga kunafanywa hivi. Lalisha bunduki chali, chini juu, huku kingo za kitako zikiwa zimeegemea mito miwili ya mchanga na mtambo ukining'inia kati yake bila kugusa kitu. Usikibane kitako kwenye jiliwa. Ingiza skrubu mbili ndefu zenye hesi sawa na za bunduki katika matundu ya mtambo, zizungushe hadi zikae kwa hesi zote, na ugonge vichwa vyake kwa nyundo ya plastiki, pigo moja mbele na moja nyuma, kwa nguvu ileile. Mtambo unapaswa kushuka sambamba. Ukitangulia mbele, kile kichuma cha mrudio huinama ndani ya tundu lake na kukwama, na nyuma mkia wa mtambo huchomoa kipande cha mbao. Sauti hukuongoza: gundi inapoachia, pigo hubadilika kutoka mlio mkavu hadi mlio mzito, na mstari mwembamba wa kivuli hutokea kati ya chuma na mbao. Ukiuona, pasha mara moja tena kabla ya kuendelea. Mtutu usiutumie kama mtaimbo hata kidogo. Urefu wake huzidisha nguvu kuliko mkono unavyohisi, na mbao hupasuka kando ya magazini, ambapo kuta ni nyembamba.

Mtambo ukishatoka, epoksi iliyobaki juu yake ing'oe ingali vuguvugu kwa kipande cha shaba au cha mbao ngumu, wala si kwa patasi. Asetoni haiyeyushi epoksi iliyokomaa, ila huondoa vanishi ya kitako kwa tone moja. Gundi iliyobaki ndani ya kitako na ambayo haijapasuka iache. Itakuwa msingi wa safu mpya, ukiikwaruza kwa msasa mkavu kabla ya kumimina. Kabla hujamimina, jaza matundu yote kwa udongo wa kuchezea watoto, bandika utepe mbele, pembeni na chini ya kichuma cha mrudio ukiuacha wazi uso wake wa nyuma unaoegemea kitako, na upake nta safu mbili ukisubiri ya kwanza ikauke.