SOMO: Kiwanja cha kwanza cha kuwekeza Dar na Pwani, kuanzia ukaguzi mpaka uhamisho

Somo hili ni la mwenye akiba anayetaka kiwanja Kigamboni, Kibaha, Mkuranga au Bagamoyo, ajenge vyumba vya kupangisha au asubiri bei yake ipande. Sehemu kubwa inahusu ukaguzi, maana pesa za wanunuzi wapya hupotelea hapo, kabla hata tofali moja halijafyatuliwa.

Hatua ya 1: Jua unauziwa nini

Ardhi yote Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini. Unachonunua ni haki ya kuitumia. Chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Sokoni utakuta viwanja vyenye hati, vilivyopimwa vikiwa na barua ya toleo tu (maarufu kama ofa), vyenye leseni ya makazi ambayo ni ya muda mfupi, na mashamba yasiyopimwa yenye karatasi ya mauziano ya mtaa au kijiji. Kadiri unavyoshuka kwenye mpangilio huo, bei inapungua na kesi zinaongezeka. Anayeanza achukue kiwanja kidogo kilichopimwa, aachane na eka isiyopimwa hata kama bei ni ileile.

Hatua ya 2: Kagua eneo lenyewe

Nenda kiangazi, halafu rudi masika mvua ikishanyesha. Tazama alama za maji kwenye kuta za majirani, na maswali yako waulize wao. Dalali hana sababu ya kukwambia kuwa pale hujaa maji. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia makazi ndani ya meta 60 kutoka bahari, ziwa au mto. Barabara kuu nayo ina hifadhi ya meta 30 kila upande kutoka katikati, tangu Sheria ya Barabara ya 2007. Kabla ya hapo ilikuwa meta 22.5. Nyumba zilizo ndani ya hifadhi hiyo huchorwa X: za kijani hulipwa fidia, za nyekundu hazilipwi. Ukiona X jirani, toa utepe upime mwenyewe.

Hatua ya 3: Linganisha karatasi na ardhi

Omba nakala ya hati, chukua namba ya kiwanja na kitalu, kisha fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Majibu yatakuonyesha jina la mmiliki na kama kuna rehani ya benki au zuio. Toka hapo nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri, uone mchoro wa mipango miji: ni makazi, makazi na biashara, au eneo la shule? Ulizia pia deni la kodi ya pango la ardhi, ile ya serikali ya kila mwaka. Usipolibaini mapema, litakukwamisha wakati wa uhamisho.

Wengi huishia hapo, na ndipo wanapolizwa. Hati inaweza kuwa halali kabisa, upekuzi ukatoka safi, ila ulichoonyeshwa ni kiwanja kingine, kizuri zaidi, karibu na barabara. Cha kwenye hati kiko bondeni. Dawa ni mpima ardhi uliyemtafuta mwenyewe, siyo aliyeletwa na muuzaji. Achukue koordineti (namba zinazoonyesha kila kona ilipo) kwenye ramani ya upimaji, aingie uwanjani na kifaa chake, akuonyeshe kila bikoni, yaani jiwe la mpaka. Bikoni hung'olewa zikahamishwa usiku, koordineti hazihamishiki.

Hatua ya 4: Mkague muuzaji

Mwenye ndoa alete ridhaa ya mwenza wake kwa maandishi, na mwenza afike mwenyewe. Kiwanja cha marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama, na warithi wote wasaini. Anayeuza kwa niaba ya mtu awe na hati ya uwakili, nawe mpigie mwenye mali kwa video. Aliyeitoa akifariki, uwakili huo umekwisha.

Hatua ya 5: Mkataba na malipo

Mkataba uandikwe na wakili wako. Lipa benki, kwenye akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye hati, na ubakize asilimia 20 hadi 30 mpaka karatasi zote za uhamisho zisainiwe. Andikeni nani analipa nini: kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida, kisheria ni ya muuzaji, ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa kawaida hulipwa na mnunuzi. Kifungu cha "gharama zote ni za mnunuzi" kinakutupia vyote viwili. Kisha hufuata uthamini, malipo ya kodi Mamlaka ya Mapato (TRA), kibali cha uhamisho na usajili.

Hesabu ya kupangisha

Tuchukulie kiwanja ni milioni 12, uhamisho milioni 1, ujenzi wa nyumba tatu ndogo milioni 47. Jumla milioni 60. Kila moja ikipangishwa kwa 150,000, mwaka unaingiza milioni 5.4. Toa mwezi mmoja wa kukaa tupu (450,000), matengenezo na maji taka (500,000) na kodi ya asilimia 10 ya pango la miezi 11 (495,000). Umebaki na milioni 3.95 hivi, yaani asilimia 6.6 ya ulichowekeza. Linganisha na hatifungani za serikali (unaikopesha serikali, inakulipa riba) kabla hujaita fundi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nina milioni 8. Nimepata eka Mkuranga, hatua 70 kwa 70. Vipi?
Nani alipiga hizo hatua? Eka ni meta za mraba 4,047, sawa na meta 63.6 kwa 63.6. Mwenye hatua ya sentimeta 75 anakupa 2,756 tu. Umepoteza zaidi ya viwanja vitatu vya meta 20 kwa 20. Pima kwa utepe. Na kama ni ardhi ya kijiji, saini ya mwenyekiti peke yake haitoshi, lazima mauziano yapite Baraza la Kijiji.

Mwenyekiti wa mtaa anataka asilimia 10 ili agonge muhuri. Nilipe?
Hakuna sheria inayompa asilimia hiyo. Mwombe risiti ya serikali. Mara nyingi dai hufa hapo. Muhuri wake ni wa kumtambua muuzaji, hauhamishi umiliki.

Niko Muscat, ndugu yangu ananinunulia. Nijilinde vipi?
Jina lako liwe kwenye mkataba tangu siku ya kwanza, ndugu asaini kama wakala wako kwa hati ya uwakili. Pesa itoke kwako moja kwa moja kwenda kwa muuzaji. "Tuandike langu kwanza, tutabadilisha ukija" ni uhamisho wa pili wenye kodi zake, na hapo ndugu awe bado ana nia.

Nimeshapata hati, sina pesa ya kujenga. Kuna shida?
Soma masharti yaliyo ndani ya hati. Kwa kawaida unapewa miezi 36 kuendeleza. Lipa kodi ya pango kila mwaka, panda michongoma mpakani, na mwachie jirani namba yako ya simu.