Kutembeza watoto wa deikea Dodoma bila kupotezana njiani

Jamani walezi wenzangu, hasa nyie mliofungua vituo juzi juzi huku Ipagala, Ilazo, Kisasa na Nzuguni, msiwafungie watoto ndani ya geti kutwa nzima kisa mnaogopa barabara. Mtoto wa miaka miwili na nusu anatakiwa atoke, aone mbuzi wa watu, amuone fundi anapiga randa, aokote majani. Ila kutoka na watoto nane ambao kila mmoja ana safari yake kichwani ni kazi ina utaratibu wake, na utaratibu wenyewe sio kupiga kelele "we njoo hapa". Ukishafikia kupiga kelele ujue umechelewa.

Kabla ya kamba, kabla ya reflekta, kitu cha kwanza ni kila mtu mzima kuwa na watoto wake kwa majina. Tukisema "tutawaangalia wote" ndo hakuna anayeangalia, dada wa mbele anadhani wa nyuma kamuona Baraka, wa nyuma anadhani Baraka yuko mbele, kumbe Baraka kachuchumaa nje ya duka la mangi anafukua vizibo vya soda. Kwaiyo asubuhi mnagawana mdomoni, wazi wazi, wewe hawa wanne mimi hawa wanne, na ukiwa na wako hata mtoto wa mwenzio akilia we macho yako yabaki kwa wako. Kwa watoto wa chini ya miaka mitatu mimi sitaki mtu mzima mmoja azidishe wanne, na napenda awepo wa tatu ambaye hana mtoto hata mmoja, huyo ndo atarudi kuchukua kiatu kilichovuka, atabeba aliyechoka, atapokea simu. Kama dada mmoja anaumwa leo basi matembezi hakuna, mnacheza uani, na wala msione aibu kuwaambia wazazi.

Alafu kuhesabu. Wengi wanahesabu jumla, nane, sawa twende. Huku mitaani kwetu jumla inadanganya sana, maana watoto wa jirani wakiona mstari unaimba na wao wanaunga mkia, unahesabu nane kumbe wako ni saba na mmoja ni mjukuu wa bibi wa nyumba ya kona. Hesabu kwa jina na kwa kumgusa kichwa, kila mlezi wa kwake, ukimaliza unasema kwa sauti "wanne wangu" na mwenzio anajibu "wanne wangu", ndo mnaondoka. Mnafanya hivyo getini, kabla ya kuvuka barabara, baada ya kuvuka, kila mkisimama na kila mkianza tena. Inaonekana kama usumbufu lakini inachukua sekunde kadhaa tu. Na yule wa jirani mrudisheni kwao kabla hamjaendelea, msimwache aandamane nanyi akaja kupotelea mtaa wa pili, lawama itakuwa yenu.

Sasa kamba. Kuna watu wanaagiza zile za dukani zenye vishikio vya rangi, ni nzuri, ila ya kutengeneza mwenyewe inafanya kazi hiyo hiyo. Usitumie katani, inachubua viganja, na manila inateleza alafu ikivutwa inaunguza. Chukua khanga kuukuu, zichane vipande virefu vya upana wa kiganja chako, suka tatu kama unavyosuka nywele, kipande kikiisha unaunga kingine, hadi upate mita 4 hivi. Vishikio unashona kwa vitambaa vya vitenge tofauti tofauti, kimoja upande wa kushoto, kinachofuata upande wa kulia, kutoka kimoja mpaka kingine sentimita 40, hapo wanaofuatana upande mmoja wanaachana sentimita 80 na hawakanyagani visigino. Watoto nane wanaenea na ncha zinabaki za kushika walezi. Ukubwa wa kishikio uwe hivi: mkono wa mtoto unaingia na kutoka bila kukwama, ila kichwa hakipiti. Hapo msifanye masihara, jaribuni kwa kichwa cha mtoto mwenyewe. Na kila mtoto awe na kitambaa chake, cha maua mekundu ni cha Neema kila siku, utashangaa wanavyogombea kushika cha kwao, yaani wanajipanga wenyewe kabla hujasema.

Usimfunge mtoto kwenye kamba. Kiunoni hapana, kwenye kifundo cha mkono hapana. Boda ikinasa ile kamba au mmoja akidondoka, waliofungwa wanaburutwa wote, wakati aliyeshika tu anaachia. Kamba ni ya kumkumbusha mtoto nafasi yake, wa kumzuia ni wewe.

Kupanga nani akae wapi nako kuna akili yake. Watu wengi wanaweka wenye mbio mbele na wavivu nyuma, matokeo yake mstari unavutika, mbele wameshafika kona na nyuma wanalazimika kukimbia, na mtoto wa umri huo akikimbia huku ameshika kitu anaanguka. Mwenye mwendo mdogo kuliko wote aanze mbele kabisa jirani na mlezi, yeye ndo anaamua spidi ya msafara. Anayependa kuokota okota vitu awekwe katikati. Na yule mkimbiaji, kila kituo kinaye, huyo hata kamba hapewi, huyo anashikwa mkono na mtu mzima mwanzo mwisho.

Kwenye kushika mkono nina neno. Mtoto akigoma kutembea akajilegeza chini usimnyanyue kwa mkono mmoja, wala usimvute ghafla akitaka kukimbilia barabarani kama unaweza kumzuia kwa kumkumbatia kifuani. Chini ya miaka mitano kiungo cha kiwiko bado ni kilegevu, mvuto mmoja wa ghafla unatosha kukitegua. Utajua kwa sababu mtoto anaacha mkono uning'inie na hataki kuutumia hata ukimpa biskuti. Hapo ni kituo cha afya, sio kwa mama wa kukanda, na mzazi apigiwe simu muda huo huo.

Msitoke nje siku ya kwanza mmepata kamba. Wiki nzima mzunguke nayo uani. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 watoto wa huku wanajua mchongoko, ile treni yenye kichwa kilichochongoka, ni nini, basi tumieni hiyo, mlezi wa mbele dereva, wa nyuma kondakta, mnazunguka mti wa mwarobaini, mnafika stesheni mnasimama, mnaondoka. Neno la kusimama liwe moja kwa walezi wote. Kama mmekubaliana ni "simama" basi asitokee dada mwingine anasema "subiri", mwingine "haya jamani", mwingine anapiga mluzi. Mtoto mdogo halijui kundi la maneno yenye maana moja, anajua neno alilolizoea. Mkiona wote nane wanaganda kwa neno moja hata kama kuna paka anapita, hapo mko tayari kufungua geti.

Njia mlezi mmoja aipite kwanza peke yake, saa ile ile mtakayopita na watoto, sio jioni. Angalia mtaro usio na mfuniko, mbwa wa kufugwa asiyefungwa, magari yanayoegeshwa. Sehemu isiyo na njia ya waenda kwa miguu tembeeni upande wa kulia mkitazamana na magari yanayokuja, mtu mzima akae upande wa barabara, watoto ndani. Ila msisahau kwamba boda haina upande, anaweza kuja nyuma yenu juu ya njia ya miguu kabisa akikwepa foleni, kwaiyo kondakta wenu wa nyuma asiwe mtu wa kuchati. Kitu kingine ambacho watu hawakihofii ni mageti ya nyumba. Mtoto wa sentimita 90 nyuma ya gari inayorudi rivasi dereva hamuoni, awe na vioo vingapi. Mkisikia injini nyuma ya geti au geti likiwa wazi, mlezi wa mbele anasimama pale katikati ya geti akitazama ndani, mstari unapita, wa mwisho akishapita ndo anatoka.

Kuvuka barabara ndo penye kazi kubwa, na hapa wengi wanavuka kwa mstari mrefu mmoja nyuma ya mwingine. Piga hesabu uone. Barabara ya lami ya mita 7, mstari wenu una mita 5, watoto wanakwenda kama nusu mita kwa sekunde, mpaka mkia utoke barabarani zinaenda sekunde 24. Gari linalotembea 50 kwa saa, ambayo ndo mwisho wa spidi kwenye makazi ya watu, linakata karibu mita 14 kila sekunde. Yaani wakati nyie mnavuka gari lililokuwa zaidi ya mita 300 huko, ambalo hata hamkuliona wakati mnaanza, limeshafika. Dawa yake ni kusimama pembeni, kamba yote mkailaza sambamba na barabara, watoto wote wakageukia ng'ambo, mkavuka kwa ubavu kwa pamoja. Hapo ni sekunde 14 hivi badala ya 24. Mlezi huru, yule wa tatu asiye na mtoto wake, anaingia barabarani kwanza akiwa kanyoosha mkono, anamtazama dereva usoni mpaka gari lisimame kabisa, kupunguza mwendo tu hakutoshi, na gari likisimama anaangalia ubavuni mwake maana boda inapenda kuchomokea pale pale kwenye gari lililosimama. Watoto wakishafika ng'ambo yeye ndo wa mwisho kutoka. Zebra haibadilishi chochote katika haya, zebra ni rangi. Na barabara kubwa, ya Dar, ya Arusha, ya Iringa, ya Singida, mimi ushauri wangu ni msizivuke kabisa na watoto wa umri huu, tafuteni njia ya mitaa ya ndani. Mkitaka kuwapeleka Nyerere Square au Chinangali Park kodini gari, wakishuka mnawaonyesha mwisho wa kucheza ni mti gani, na mlezi mmoja anakaa kwenye mlango wa kutokea, hakai kwenye benchi la kivuli.

Muda mzuri ni saa mbili na nusu mpaka saa nne kasoro. Saa moja boda zote zinawahisha watu maofisini na wanafunzi shule, na baada ya saa nne jua la hapa linachoma vibaya. Kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni Bunge la bajeti linakuwepo, magari mjini yanaongezeka na misafara yenye ving'ora inapita ghafla, mkisikia king'ora msogee mbali na barabara, mchuchumae, muache wapungie mikono weee mpaka ipite.

Upepo wa kuanzia Julai mpaka Septemba nao si wa mchezo. Chamchela ikija watoto wanafumba macho na kuachia kamba kwa pamoja, sasa wafundisheni mapema kwamba wakiona vumbi linazunguka wanachuchumaa, migongo kwenye upepo, uso kwenye magoti, walezi wanawazunguka kwa nje. Masika makorongo. Korongo la Dodoma linaweza kuwa kavu kabisa mlipo, kumbe mvua imenyesha kule milimani na maji yako njiani, kwaiyo kuanzia Desemba mpaka Aprili njia yenu isipite kwenye korongo hata kama ndo mkato. Mkikutana na ng'ombe za watu, kaeni ukutani zipite, usijaribu kuyapitisha makundi mawili kwa wakati mmoja.

Mavazi kwa ufupi: viatu vya kufunga sio kandambili, miiba ya migunga inapita soli nyembamba, kofia, na fulana za rangi moja kali, njano au chungwa. Jina la mtoto lisiandikwe mahali mtu baki anaweza kulisoma, maana mtoto akiitwa kwa jina lake anamfuata aliyemuita. Andika jina la kituo na namba ya simu ya kituo basi. Vibali vya wazazi viwe kwa maandishi kwenye faili, Sheria ya Mtoto ya 2009 inavitambua vituo vya kulelea watoto mchana, na afisa ustawi akija kukagua hataki maneno ya mdomo.

La mwisho, hesabu ikigoma. Msitawanyike wote kutafuta. Mstari unasimama hapo hapo, watoto wanakaa chini mbali na barabara, mlezi mmoja anabaki nao na kuwahesabu upya kwa majina, mlezi huru anarudi njia mliyojia akianza na sehemu zinazoua haraka: barabara, mtaro, shimo, pipa au ndoo ya maji iliyo wazi. Baada ya hapo ndo maduka na nyua za watu. Waambieni boda wa kijiweni na mama ntilie palepale, wanajua mtaa kuliko mtu yeyote. Simu kituoni inapigwa ndani ya dakika hiyo, na kama hajaonekana mara moja mnapiga polisi 112, msisubiri kwa kumuogopa mzazi, mzazi naye anapigiwa. Na watakachouliza wote ni amevaa nini, na kwa presha ile hukumbuki, kwaiyo kila asubuhi kabla geti halijafunguliwa piga picha moja ya watoto wote wamesimama, kichwa mpaka viatu. Ibaki kwenye simu ya kituo, isiende statasi wala kwenye magrupu ya wasapu, na mkisharudi salama mnaifuta.