Nyumba ya zamani ina nyufa na unataka kuhamisha mkopo benki ingine? Anza na ukuta

Watu hapa Uganda wakisikia benki ingine iko na riba nafuu wanakimbilia fomu, alafu wanaita fundi azibe nyufa na kupaka rangi kabla mthamini (yule anayeikadiria benki thamani ya nyumba) hajafika. Tafadhali usifanye hivo. Mthamini akiona kiraka kibichi kwenye ukuta wa zamani ndo anaanza kushuku, na plasta ikipasuka tena kabla pesa haijatoka, benki inasimamisha kila kitu na wewe ushalipia uthamini.

Cha kwanza ujue nyumba bado inasogea ama ilisogea zamani ikatulia. Chukua penseli, weka alama moja kila upande wa ufa, pima umbali kati ya hizo alama mbili na rula ya milimita, andika tarehe hapohapo ukutani, piga picha rula ikiwa bado imeshikwa. Weka alama pia pale ufa unapoishia, manake saa zingine haupanuki lakini unarefuka. Rudia kila mwezi na usipime kiangazi peke yake, acha mvua za Machi mpaka Mei ama za Septemba mpaka Novemba zipite ndo utaona udongo unafanya nini.

Ufa mwembamba kama unywele mara nyingi ni plasta tu. Wa kuogopa ni ule unapanda kama ngazi kwa viungo vya matofali kutoka kona ya dirisha, uko mpana upande mmoja, unaonekana ndani na nje, na mlango wa chumba hicho umeanza kukwama. Ukizidi 5 mm usingoje miezi, tafuta injinia.

Na ninasema injinia, si fundi. Awe amesajiliwa na Engineers Registration Board, bodi inayosajili mainjinia Uganda, na ripoti yake iseme mambo manne: nini kinasababisha, kama bado inasogea, dawa yake ni nini, na itagharimu ngapi. Kampala mabondeni kuna nyumba zimekaa juu ya udongo wa kujaza kinamasi, kwingine ni mkaratusi umepandwa karibu na ukuta unanyonya maji yote, ama bomba linavuja chinichini, ama paa halina gata na maji yanamwagika kwenye msingi miaka na miaka. Fort Portal ufa unaweza kuwa wa tetemeko la 1966 ama la 1994, na kama umetulia tangu hapo ni rahisi sana kuuelezea benki. Rekebisha chanzo kwanza, gata na bomba si bei kubwa, ufa uzibwe mwisho.

Ripoti na zile picha zako mpe mthamini siku anakuja, usingoje aulize. Thamani inaweza kushuka kidogo, lakini mthamini asiye na maelezo anakata zaidi kwa kujilinda.

Upande wa makaratasi, fanya search ya hati ofisi ya ardhi uone kama kuna kaveati (zuio lililoandikwa na mtu anayedai haki kwenye ardhi), na kama ni mailo (ardhi ya hati ya kudumu, hasa Buganda) ujue mapema nani ana kibanja humo, yaani anakaa hapo kihalali bila kuwa mwenye hati. Kama ni nyumba ya familia, mke ama mume lazima akubali kwa maandishi, Sheria ya Rehani ya 2009 inataka hivo. Uliza benki ya sasa faini ya kulipa mapema ni ngapi, ongeza wakili, uthamini na bima (uliza bima hiyo inalipa tetemeko na kuzama kwa msingi ama haigusi), alafu linganisha na riba utakayookoa. Saa zingine hakuna faida kabisa. Na usiage benki ya zamani kabla hujashika barua ya ofa ya benki mpya, uisome yote, manake wanaweza kuweka sharti la ukarabati ufanyike kabla pesa itoke.

Wakikataa, omba sababu kwa maandishi, urudi kwa benki yako na ripoti ileile uombe wapunguze riba, ama wakuongezee kidogo ya kutengeneza msingi.