Kabla ya kulipia gari la kale la Marekani hapa Lubumbashi

Beba sumaku, kitambaa laini, tochi, jeki, dumu la maji la lita tano na daftari. Siku ya kwanza usiende na fundi injini, nenda na fundi bati. Nasema hivi kwa sababu karibu kila anayeniita nimwangalizie gari la kale huanza kwa kufungua boneti, wakati injini ndiyo inayopaswa kukusumbua mwisho. Mji huu umeishi na shaba tangu 1910. Maturneri wa kuchonga chuma wapo, wachomeleaji hodari wapo, na V8, yaani injini ya silinda nane, ya miaka ya 1960 ni chuma tupu kisicho na kompyuta hata moja. Kinachowashinda watu ni bati lililooza mahali pasipoonekana, vitu vidogo visivyotengenezwa tena popote, na karatasi.

Nitaeleza kwa kutumia Ford Mustang ya 1967, kwa kuwa ndiyo tuliyoikagua katika parseli (kiwanja) moja ya mtaa wa Makomeno, mimi na fundi bati wangu wa Katuba. Ilikuwa imelala chini ya mwembe, matairi yamezama kwenye udongo mwekundu hadi rimu, na kichuguu kimeanza kupanda bampa ya nyuma.

Jambo la kwanza ni neno “adimu”. Muuzaji akikwambia hakuna nyingine Katanga nzima, huenda anasema kweli, na hapohapo bei inapanda. Lakini Ford walitengeneza Mustang 472,121 za mwaka 1967, na kati ya hizo 71,042 ndizo fastback, zile za paa linaloteremka moja kwa moja hadi nyuma. Gari hilo ni adimu Lubumbashi, si adimu duniani, na kwa anayetaka kulifufua hiyo ni heri kubwa. Kwa sababu yamebaki mengi, kuna watu Marekani wanaoishi kwa kutengeneza vipuri vyake upya: sakafu, milango, taa, raba za vioo, vitasa, hata bodi nzima. Chukua sasa Oldsmobile, Buick au Mercury ya miaka hiyohiyo. Injini utaipata, lakini kioo cha taa ya nyuma au ule utepe wa kung’aa unaozunguka kioo cha mbele unaweza kukulaza miaka mitatu. Mimi hufanya hivi: natafuta kitu kidogo kuliko vyote kinachokosekana kwenye gari, kisha naulizia bei yake kabla ya kusema lolote kuhusu bei ya gari. Kisipopatikana baada ya wiki mbili za kutafuta kwa bidii, nimeshajua safari itakavyokuwa.

Kisha soma namba. Kibati cha mlangoni hakitoshi, maana mlango hubadilishwa. Kwenye Mustang hii namba iligongwa kwenye bati la ndani upande wa dereva, juu, pale fenda ya mbele inapofungiwa ndani ya boneti. Tulilowesha kitambaa kwa petroli kidogo tukasugua grisi na vumbi lililogandamana, na alama zikatoka moja moja: 7F01T, kisha tarakimu sita. Saba ni mwaka 1967. F ni kiwanda cha Dearborn. 01 ni ile ya paa la kawaida. 02 ingekuwa fastback na 03 ya kufunuliwa. Herufi ya tano ndiyo ya kushika pumzi, kwa kuwa inataja injini. C ni V8 ya inchi za ujazo 289 yenye nguvu za farasi 200, A ni ileile ya farasi 225, K ni ile kali ya 271, S ni 390 ya farasi 320. T ni silinda sita za mstari mmoja, farasi 120.

Mwenye gari, mama mjane wa makamo, alikuwa amesimama nasi. Alisema, “Papa, hii ni V8 ya kweli. Ikipitaka, bantu bote banajua ni bwana yangu njo anarudia.” Hakusema uongo. Ndani mlikuwa na V8 kweli. Lakini fundi alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu, akaniita nihesabu nati. Zilikuwa nne. Mustang ya V8 ya mwaka huo ina tano. Za nne ni za silinda sita. Namba iliyochongwa kwenye bloku karibu na stata ilianza na D, na kwenye namba za bloku za Ford C ni miaka ya 1960, D ni ya 1970. Kwa hiyo injini ilizaliwa baada ya gari, na kuna mtu aliipandisha humo baadaye. Nikamwambia, “Mama, V8 iko kweli, lakini gari halikuzaliwa nayo.” Alinyamaza kidogo, kisha akasema mume wake alilinunua likiwa hivyo.

Hilo si sababu ya kuliacha gari, lakini linabadilisha daftari zima. Anayelipa bei ya V8 ya kiwandani hapo ameibiwa, hata kama aliyemuuzia hakukusudia kumwibia. Tena kuna jambo zito kuliko bei. Gari la silinda sita lilitoka na dramu za breki za inchi 9 na difu nyembamba, wakati la V8 lilipewa dramu za inchi 10 na difu nene. Ukiongeza nguvu mara mbili juu ya breki zilezile, umemtengenezea mtu kaburi kwenye barabara ya Likasi. Kwa hiyo andika papo hapo: breki mpya mbele na nyuma, mihimili ya magurudumu ya mbele, difu, magurudumu ya nati tano. Vyote vinapatikana, na vyote vina uzito, na uzito ni pesa kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Kasumbalesa, mpakani mwetu na Zambia.

Sasa bodi, na hapa usiwe na haraka. Mustang haina chesi iliyojitenga. Bati ndilo mifupa yake. Chevrolet Chevelle na Pontiac GTO zina fremu ya chuma chini, hivyo bodi iliyooza inaweza kuinuliwa na kuwekwa nyingine. Kwenye Mustang sakafu ikioza, gari zima linalegea. Kuna mtihani rahisi: fungua milango yote miwili, inua gari kwa jeki katikati ya ubavu, kisha jaribu kuifunga. Mlango ukigoma au ukianza kugusa nguzo, bodi imepinda kwa uzito wake yenyewe.

Mahali panapoua Mustang za 1965 hadi 1968 ni pale chini ya kioo cha mbele, penye matundu ya kuingizia hewa. Majani ya mwembe huingia humo, yanaoza, yanashika maji, na bati linaliwa kutoka ndani, ambako hakuna jicho linalofika. Chukua lile dumu, mwaga maji taratibu kwenye matundu upande mmoja huku mwenzako amelala ndani ya gari na tochi, akiangalia juu ya pedali. Maji yakishuka nje nyuma ya gurudumu, shukuru. Yakimdondokea usoni, jua kwamba kazi ni kutoboa nukta zote za kuchomelea, kuinua bati zima la juu, kutengeneza, kisha kulirudisha. Na fundi asiyewahi kuifanya ataziba kwa lami na kukwambia imepona. Yetu ilivuja upande wa abiria tu, matone manane au tisa, na sakafu yake ilikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Upande wa dereva ulikuwa mkavu kabisa.

Watu hufikiri kwa sababu hatuna bahari basi hatuna kutu. Ni kweli kwamba gari la hapa hubaki zima kuliko la Mombasa, na miezi ya ukavu, Mei hadi Septemba, husaidia sana. Lakini uliza gari limelala wapi. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kutoa moshi hapa 1911, na upepo uliubeba kuelekea kaskazini-magharibi hadi miti ikaisha upande huo. Moshi wa salfa ukikutana na unyevu unakuwa asidi, na kilichoua miti hakikuliacha bati. Gari lililokaa upande ule miaka mingi nalikagua mara mbili.

Pitisha sumaku ikiwa imefungwa kwenye kitambaa, usije ukakwaruza rangi: chini ya milango, juu ya matao ya magurudumu ya nyuma, pembe za chini za fenda. Ikiteleza bila kushika, hapo ni masitiki ya kuzibia, si bati. Ndani ya boneti, angalia ile minara miwili ya bati ambamo springi za mbele zimeegemea, hasa kama injini ni nzito kuliko ile ya kiwandani. Nyufa huanzia pale. Nyuma, ondoa zulia la buti, kwa kuwa sakafu yake ni sehemu ya juu ya tangi la petroli lenyewe. Ikiwa imetoboka, hapo petroli na abiria wanapumua hewa moja.

Injini, kwa ufupi. Usikubali wakuwashie kwa betri ya kuazima. Toa buji zote nane (plagi, kama wanavyosema ndugu wa Dar), mimina kila silinda mazuti (dizeli) kidogo yaliyochanganywa na oili nyepesi, acha siku kadhaa, kisha zungusha kwa mkono, kwa spana kwenye bolti ya mbele. Ikizunguka, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Silinda ya chini kabisa isipungue robo tatu ya ile ya juu. Siti za valvu za injini hizi zilitegemea petroli yenye madini ya risasi, ambayo Afrika kusini mwa Sahara iliiacha kufikia 2006, kwa hiyo weka hesabu ya siti ngumu kwa turneri. Na kwa kuwa tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari, kabureta ya Marekani itakunywesha petroli nyingi kuliko hewa. Matundu yake yanatakiwa madogo zaidi. Hakuna kitu hapo cha kukunyima usingizi.

Karatasi ndizo za kukunyima. Omba carte rose, ile kadi ya gari, usome jina, ulinganishe namba na ile ya kwenye bati, tarakimu kwa tarakimu. Mwenye jina akiwa amefariki, usilipe mtu mmoja, hata awe mjane, hata awe kaka mkubwa. Warithi wote wasaini mbele ya mashahidi, na nakala ya cheti cha kifo iwe mkononi mwako kabla ya kwenda DGI, idara ya kodi, kuomba namba kwa jina lako. Nimeona gari lililokwisha kupakwa rangi likisimamishwa na mpwa aliyetokea Kolwezi akidai sehemu yake, na aliyelitengeneza akakaa mwaka na nusu bila kuligusa.

Mama yule alikuwa na watoto wanne. Tulimpa bei ya gari la silinda sita lenye sakafu mbovu upande mmoja, tukamwonyesha daftari, mstari kwa mstari, akakubali baada ya siku tano. Mtoto wa tatu alivuka kutoka Kitwe kuja kusaini. Jumapili ya mwisho ya Septemba tulikivunja kile kichuguu kwa jembe, tukajaza upepo matairi mawili yaliyokubali kushika, na mengine mawili tukayawekea mbao, tukalivuta hadi barabarani kabla mawingu hayajakusanyika upande wa Kipushi.