Kugandisha mchicha, kunde na matembele ya bustanini: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mvua za masika zikishakolea hapa Mombasa, bustani yetu ya Mtongwe hutoa mboga nyingi kuliko nyumba inavyoweza kula. Mchicha usipochumwa kwa muda hukimbilia kutoa mbegu, kunde hutambaa hadi njiani, na majirani nao wana mboga zao, kwa hiyo hata wa kumgawia hapatikani. Miezi kadhaa baadaye kaskazi huvuma, jua la Januari na Februari hukausha mchanga, na mboga zilezile tulizokosa pa kuziweka tunazifuata soko la Kongowea kwa bei isiyolingana na udogo wa fungu. Kwa miaka kadhaa sasa nimeziba pengo hilo kwa friza, na hapa ninaeleza ninavyofanya pamoja na sababu za kila hatua, kwa kuwa asiyejua sababu ndiye anayeruka hatua inayobeba kazi yote.

Hatua hiyo inayorukwa ni kuyachemsha majani kwa muda mfupi kabla ya kuyagandisha. Mwaka wa kwanza mimi mwenyewe niliosha mchicha, nikaukatakata, nikautia kwenye friza ukiwa mbichi. Baada ya wiki kadhaa rangi ilikuwa imefifia, na ulipopikwa ulikuwa na ladha ya nyasi kavu. Ndani ya jani mna vimeng'enya, ambavyo ni protini zinazoendesha shughuli za uhai wa mmea. Havikomi kufanya kazi jani linapochumwa, na baridi ya friza hupunguza kasi yake tu bila kuvizima. Kinachovizima ni joto la maji yanayochemka. Maji hayohayo hupunguza vijidudu vilivyo juu ya jani, tena huyafanya majani yanywee, hata beseni zima likaenea katika mkebe mmoja.

Maandalizi ya usiku wa kuamkia siku ya kuchuma

Tengeneza barafu ya kutosha, kwa makadirio ya uzito unaolingana na mboga utakazozigandisha: kilo moja ya mboga kwa kilo moja ya barafu. Itokane na maji ya kunywa. Barafu inayouzwa kwa ajili ya kuhifadhia samaki haifai kwa kazi hii, hata ikiwa karibu na ya bei nafuu, kwa sababu majani yataloweshwa ndani yake. Visima vingi vya mjini kwetu vina maji ya chumvi. Hayo yanaweza kutumika kusuuza mchanga wa mwanzo, lakini maji ya kuchemshia na ya kupozea yawe matamu. Andaa pia sufuria kubwa yenye mfuniko, beseni mbili, chujio pana, kitambaa safi cha pamba na mikebe ya plastiki ngumu yenye mifuniko inayobana. Tangu tarehe 28 Agosti 2017, Kenya imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea na kufungia bidhaa, na ile ya kitambaa iliyochukua nafasi yake hupitisha hewa, kwa hiyo haifai ndani ya friza. Mimi hutumia mikebe ya aiskrimu iliyooshwa vizuri.

Hatua ya kwanza: kuchuma na kuosha

Chuma alfajiri kabla jua halijapanda, uchague majani machanga yasiyo na matundu wala madoa, na kazi yote iishe asubuhi hiyohiyo. Ondoa vikonyo vigumu. Osha katika maji mengi, ukiyainua majani kutoka kwenye beseni badala ya kumwaga maji pamoja nayo, kwani ukiyamwaga mchanga uliotuama hurudi juu ya mboga. Kwa ardhi yetu ya pwani, maji matatu ndiyo kiwango cha chini. Maji ya chumvi usiyamwage kwenye mimea.

Hatua ya pili: kuchemsha

Hapa ndipo pa kuwa mwangalifu zaidi. Kwa kila nusu kilo ya majani tumia lita 8 za maji. Kama sufuria yako inaweza kuchemsha lita 4 tu za maji bila kufurika, chemsha robo kilo kwa mara moja. Wingi huo una maana yake. Majani ni baridi, na yakitumbukizwa katika maji machache huyapoza, yakabaki vuguvugu kwa dakika kadhaa. Hali hiyo ni mbaya kuliko kutochemsha kabisa, kwa maana joto dogo huvichochea vimeng'enya badala ya kuvizima. Maji yakishachemka kwa nguvu, tumbukiza majani, yakoroge mara moja yasigandamane, kisha funika. Yanapaswa kuchemka tena kabla ya dakika moja kupita. Yakichelewa zaidi ya hapo, ujue umetia majani mengi mno, na safari ijayo upunguze.

Anza kuhesabu muda pale maji yanapochemka tena. Mchicha, spinachi, matembele na majani machanga ya kunde yatoe baada ya dakika 2. Sukuma wiki, ambayo jani lake ni nene, ipe dakika 3, na mimi huyapa majani ya kunde yaliyokomaa muda huohuo. Tumia saa ya simu, usikisie kwa macho. Ukizidisha muda, vitamini C na madini huyeyukia majini na jani huwa tepetepe. Nawasihi pia wale waliozoea kutia magadi ili kunde zilainike na zing'ae wasiyatie katika hatua hii, kwa sababu magadi huharibu vitamini C na kulilegeza jani, na jani lililolegea likigandishwa huwa uji. Maji hayo yanaweza kuchemshia mafungu kadhaa mfululizo, mradi uyaongeze yanapopungua.

Kisamvu kina utaratibu wake. Jani bichi la muhogo lina sumu ya jamii ya sianidi ambayo kugandisha hakuiondoi, na dakika mbili tatu za maji ya moto hazitoshi. Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa hadi kiive kabisa, kipoe, ndipo kigandishwe. Majani ya saladi, kwa upande wake, yaache bustanini, maana yakigandishwa hayaliki tena.

Hatua ya tatu: kupoza na kukamua

Yainue majani kwa chujio na kuyatumbukiza papo hapo katika beseni ya maji ya barafu. Yakae humo kwa muda usiopungua ule uliochemshia, hadi ukiyashika katikati ya fungu usihisi joto lolote. Nimeona watu wakiyatandaza kwenye uteo yapoe kwa upepo, lakini kwa joto la Mombasa upepo hauyapozi upesi, nayo huendelea kuiva ndani kwa ndani. Ongeza barafu kila inapoyeyuka.

Baada ya hapo yaweke ndani ya kitambaa na uyakamue kama unavyokamua tui la nazi, kwa mkono wa taratibu, hadi maji yaishe kutiririka na kubaki matone. Maji yanayobaki ndiyo yanayogeuka vipande vya barafu, vinavyokata nyuzi za jani na kukupa sufuria ya mchuzi mwepesi siku ya kupika. Usiyakamue hadi yakauke kabisa, maana unyevu kidogo hulilinda jani.

Hatua ya nne: kufunga na kugandisha

Kata majani kama unavyoyakata kwa kupika, halafu yafinyange madonge ya ukubwa wa kikombe cha chai, kila donge likitosha watu wawili. Yapange kwenye sinia yasigusane, uyaache ndani ya friza hadi yawe magumu, ndipo uyahamishie kwenye mkebe. Kwa njia hii unatoa madonge unayoyahitaji tu, badala ya kuvunja jabali la barafu kwa kisu. Jaza mkebe vizuri ili hewa iwe chache, kwa kuwa hewa kavu ya ndani ya friza hunyonya unyevu wa majani na kuyaacha na mabaka meupe yasiyo na ladha. Andika jina la mboga na tarehe.

Friza iwe na baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi. Usiijaze mboga mpya kwa pupa: kwa friza ya lita 100, kilo 3 kwa siku zinatosha, kwani zikizidi hapo huganda polepole, na barafu inayoganda polepole hufanya chembe kubwa zinazopasua jani. Mboga zilizoandaliwa hivi hubaki na ubora wake kwa miezi 8 hadi 12, na hiyo inatosha kutufikisha masika mengine.

Umeme ukikatika, usifungue mlango. Friza iliyojaa na kufungwa hushika baridi kwa saa 48 hivi, na iliyojaa nusu kwa saa 24. Ndiyo maana mimi hujaza nafasi tupu kwa chupa za maji, ambazo baada ya kuganda husaidia kuhifadhi baridi. Donge ambalo bado lina chembe za barafu linaweza kugandishwa tena, ingawa litapungua ubora. Likishayeyuka na kupata joto kwa saa kadhaa, litupe.

Hatua ya tano: kupika

Usiyeyushe mboga kabla ya kuzipika. Kaanga kitunguu na nyanya, tia tui jepesi nusu ya kiasi chako cha kawaida, kwa sababu donge lenyewe litatoa maji, kisha weka madonge yakiwa bado yameganda na ufunike kwa moto wa wastani. Majani haya yameshaonja moto, kwa hiyo mara yanapoachana na kuchemka, dakika 5 huwatosha mchicha na matembele, huku kunde zikihitaji zaidi kidogo. Mimina tui zito mwishoni, koroga bila kufunika, na uepue mara tu linapoanza kutokota kando ya sufuria.